Mboga za Ndani Wakati wa Baridi: Mwanga Kwanza, Maji Baadaye

Mara ya kwanza nilipootesha saladi ndani ya nyumba wakati wa baridi, miche ilichomoza siku ya nne nikajiona bingwa. Siku ya kumi ilikuwa mirefu kama uzi, shina jeupe, yote imeinamia kioo cha dirisha. Nikadhani ina kiu, nikaimwagilia. Nikadhani ina njaa, nikaitia mbolea. Nikadhani inaona baridi, nikaisogeza karibu na hita. Haikupita wiki, ikawa imelala chini yote, mashina yamesinyaa pale pale yanapotokea udongoni, utadhani kuna mtu aliyapitia moja moja akiyafinya kwa kucha.

Kile kilichoimaliza kinaitwa kinyaushi, ugonjwa wa vimelea vya ukungu vinavyopenda udongo uliolowa na hewa iliyotuama. Lakini kinyaushi kilikuja kumalizia tu. Miche ile haikuwa na kiu wala njaa. Ilikosa mwanga, na kila nilichoiongezea kiliizidishia taabu.

Mmea hupika chakula chake kwa mwanga. Ukiupa joto, maji na mbolea huku mwanga ni haba, unausukuma ukue wakati ghala lake ni tupu. Matokeo yake unarefuka kuutafuta mwanga, na unakuwa dhaifu. Kwa hiyo siku hizi natazama mwanga kwanza, na mengine yote yanaufuata. Mwanga ukiwa mdogo, napunguza maji, joto na mbolea. Nikiongeza mwanga, navyo navipandisha. Nimesoma vitabu na kutazama video nyingi za kilimo cha ndani, na sijui kwa nini wengi huanza na udongo na vyungu.

Dirisha linadanganya. Jicho la mtu huzoea giza upesi, hivyo chumba unachosomea gazeti bila shida kinaweza kuwa usiku kwa mche wa saladi. Kwenye nyuzi 50 kaskazini ya ikweta, jua la Desemba huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama karibu saa kumi jioni. Hizo ni saa nane tu, tena jua lenyewe linapita chini chini na mara nyingi limefunikwa na mawingu. Siku ikishuka chini ya saa 10 za mwanga, mboga nyingi za majani hazifi, ila hukaa vile vile wiki hadi wiki. Aliye kaskazini ya ikweta atafute dirisha linalotazama kusini, na aliye kusini afanye kinyume chake. Hata hapo, chungu kiwe kwenye kizingiti chenyewe cha dirisha, maana ukikisogeza hatua moja tu chumbani, umekipunguzia mwanga vibaya sana.

Kuna kipimo kisicho na gharama. Mchana, tandika karatasi nyeupe pale unapotaka kuweka chungu, kisha nyoosha mkono juu yake, kama sentimita 30. Ukiona kivuli chenye kingo kali, mahali pazuri. Kivuli kikiwa cha ukungu ukungu, utapata majani lakini taratibu. Usipoona kivuli, usipande bila taa.

Mimi niliishia kununua taa. Si lazima ziwe zile za zambarau zinazofanya sebule ionekane kama disko. Taa nyeupe za LED za kawaida, zilizoandikwa kati ya Kelvin 5000 na 6500 (kipimo cha rangi ya mwanga), zinatosha kabisa kwa mboga za majani. Ninazitundika sentimita 20 hadi 30 juu ya mimea, na kadiri mimea inavyopanda nazipandisha. Zikiwa mbali zaidi ya hapo, miche inaanza tena ule mchezo wa kurefuka. Huwaka kwa muda wa saa 14 hadi 16 kwa siku, halafu mimea inalala gizani. Kazi ya kuwasha na kuzima nimeiachia soketi yenye saa, kwa sababu nilipojitegemea mwenyewe nilisahau mara tatu katika wiki ya kwanza. Kwa wanaohofia umeme, piga hesabu: taa ya wati 20 ikiwaka saa 15 kila siku inakula uniti 9 kwa mwezi.

Hapo pana mtego mmoja. Spinachi ya kweli ikipata mwanga mrefu namna hiyo hudhani kiangazi kimefika. Inarusha shina la maua na majani yanakuwa machungu. Hiyo ipe saa 12 tu. Ile yenye majani mapana na bua nene jeupe, ambayo wengi wetu tunaiita spinachi pia, ni mmea mwingine kabisa wa ukoo wa kiazisukari. Hiyo haina haraka ya maua, na ndani ya nyumba ni mvumilivu kuliko mwenzake.

Joto. Saladi inapenda nyuzi 15 hadi 20 za Selsiasi, yaani chumba ambacho wewe unavaa sweta. Mbegu zake ukiziotesha kwenye joto linalokaribia nyuzi 30, nyingi zinagoma kuota. Kwa hiyo juu ya hita si mahali pake, ingawa kila mtu anafikiria kuweka hapo. Hita pia hukausha hewa, na hewa kavu yenye joto ndiyo sikukuu ya utitiri. Ukiona majani yana vidoa vidogo vya manjano na utando mwembamba chini yake, ni wao. Mimi huyaosha majani upande wa chini kwa maji ya bomba, kila baada ya siku mbili tatu, mpaka waishe. Upande wa pili kuna kioo chenyewe: usiku wa baridi kali, jani linalogusa kioo huungua kwa baridi na asubuhi limekuwa kama limechemshwa. Acha nafasi ya vidole vinne. Mrehani ndio usijaribu kuuweka karibu na kioo, kwa sababu chini ya nyuzi 10 unaanza kuwa mweusi.

Udongo wa shambani usiuingize ndani. Ukiwa kwenye chungu hushikamana ukawa kama tofali, na huja na wageni wake. Changanya vumbi la makumbi ya nazi, mboji iliyoiva vizuri, na perlaiti, zile punje nyeupe nyepesi kama povu. Chombo chochote kinafaa mradi kina matundu chini. Mchanganyiko wenye mboji huwa na chakula cha mwezi mmoja hivi. Baada ya hapo mbolea ya maji, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kila wiki mbili.

Sasa maji, ambayo ndiyo yanaua wengi. Usimwagilie kwa kufuata siku za wiki. Wakati wa baridi mmea hunywa kidogo, na ratiba ya Jumatatu na Alhamisi itauzamisha. Mimi hunyanyua chungu. Siku ya kwanza nilikinyanyua kikavu, nikakimwagilia, nikakinyanyua tena ili mkono ushike tofauti. Tangu hapo mkono unajua. Kikiwa kizito nakirudisha mahali pake na kuondoka. Kikiwa chepesi nakiweka kwenye beseni lenye maji ya uvuguvugu wa chumba kwa dakika 20, kinywe kwa chini, kisha nakiacha kichuruzike. Juu ya udongo pabaki pakavu, na hapo ndipo utakapovishinda vijinzi, vile vinavyozaliana kwenye udongo wenye unyevu.

Mwaka wa pili nilikuwa na vijinzi vyeusi kila mahali, mpaka kwenye kikombe cha chai. Nikahangaika kuvipiga kwa kitambaa, kazi bure. Tatizo halikuwa vile vinavyoruka. Nilikata kipande cha kiazi mbichi nikakilaza juu ya udongo, na baada ya siku mbili nikakigeuza. Chini yake kulikuwa na funza wembamba waangavu, vichwa vyeusi, zaidi ya ishirini. Hao hukaa kwenye sentimita chache za juu za udongo wenye unyevu na kutafuna mizizi michanga. Nikaacha udongo ukauke juu, nikatundika kadi za manjano zenye gundi, na kwenye maji nikatia dawa ya bakteria, Bacillus thuringiensis israelensis, ile ile inayotumika kuua viluwiluwi vya mbu na isiyodhuru watu. Baada ya mwezi hivi vilikwisha. Usikate tamaa wiki ya kwanza, kwa sababu vilivyo kwenye mayai bado vinakuja.

Feni ndogo ikipuliza polepole saa chache kwa siku inakausha majani, inazuia kinyaushi, na mashina yanakomaa kwa kutikiswa. Kama huna feni, pitisha kiganja juu ya miche mara mbili kwa siku. Inaonekana mzaha lakini inafanya kazi.

Anayeanza leo aanze na figili, si kwa ajili ya mzizi bali kwa miche yake. Tawanya mbegu nyingi kwenye trei yenye udongo wa sentimita 3, zifunike gizani siku mbili au tatu, kisha zipe mwanga. Siku ya nane au ya kumi unakata kwa mkasi na kula. Njegere huchukua wiki mbili hadi tatu. Saladi ikate majani ya nje tu na kuacha moyo, itakupa mara tatu au nne kabla ya kuchoka. Giligilani ipande moja kwa moja kwenye chungu chake kirefu, kwa sababu haipendi kuhamishwa, na kabla ya kupanda ziviringe mbegu kwa chupa zipasuke mbili mbili. Vitunguu majani ukivikata bakiza mizizi na sentimita 3 za shina, chomeka udongoni.

Nyanya nilijaribu. Aina fupi ya chungu, taa saa 16, na kila asubuhi nilikuwa nayapiga maua kwa kidole ili chavua idondoke, kwani ndani hakuna upepo wala nyuki. Kwa zaidi ya miezi mitatu nilivuna nyanya kumi na moja, kila moja ukubwa wa gololi, na ladha yake ilikuwa maji maji. Pale ilipokuwa nyanya sasa pana trei mbili za figili.