Kabla hamjaita kikundi chenu Rehobothi

Juzi msomaji mmoja ameniandikia: "Shalom mwalimu. Kikundi chetu cha vikoba tunataka kukiita Rehobothi. Mchungaji mgeni alitufundisha kwamba ukilitamka jina hilo kwa imani, unapanuka. Unasemaje?"

Nimecheka kwanza, halafu likanichoma, kwa sababu mimi na Rehobothi tunajuana. Miaka ya nyuma, kwenye semina ya kanisani kwetu, mnenaji alitusimamisha tuinue funguo na hati za viwanja tulitamke jina hilo. Mimi niliuliza swali moja tu: na vile visima viwili vya kwanza? Nikaambiwa mbele ya watu kwamba nina roho ya ubishi. Wazazi ambao watoto wao niliwafundisha shule ya Jumapili waliinamia Biblia zao kana kwamba hawanijui. Mpaka leo hakuna aliyeniambia hata pole. Mwezi uliopita kanisa lilelile limeniita nifundishe majina ya mahali, na watu walisimama mpaka mlangoni. Sijisifu, nasimulia.

Haya, visima. Mwanzo 26, Isaka yuko bonde la Gerari. Watumishi wake wanachimba, maji yanatoka, wachungaji wa pale wanasema ni yetu. Kisima kinaitwa Eseki, yaani ugomvi. Wanachimba kingine, yaleyale. Kinaitwa Sitna, uadui, neno lenye mzizi mmoja na Shetani. Cha tatu hakikugombewa, ndipo akakiita Rehobothi, nafasi. Sasa soma mstari unaofuata, ule ambao wahubiri wengi huuruka: Isaka akaondoka pale, akapanda kwenda Beer-sheba. Hakukaa! Na Mungu alimtokea huko Beer-sheba. Kwa hiyo, dada yangu, iteni kikundi Rehobothi, jina ni zuri. Ila mkopo usiporudishwa, jina halitaurudisha.

Ushauri wangu wa kwanza ndio huo: soma sura nzima. Wa pili unafanana nao: lifuate jina mpaka uone lilikoishia. Chukua Ebenezeri, jiwe la msaada. Tunalijua kwa "Hata sasa Bwana ametusaidia", 1 Samweli 7. Lakini rudi sura ya 4. Israeli wamepiga kambi Ebenezeri, Wafilisti wako Afeki. Siku ya kwanza wanaanguka watu wapata 4,000, baadaye 30,000, na sanduku la agano linachukuliwa kutoka Ebenezeri hadi Ashdodi. Wako wachambuzi wanaosema hapa ni mahali pawili tofauti. Hata kama ni hivyo, aliyeandika alijua jina gani analirudia. Ninyi mnaoandika Ebenezeri kwenye vioo vya daladala, sura ya 4 mmeisoma?

Na Betheli, nyumba ya Mungu, ambako Yakobo alilalia jiwe. Mfalme Yeroboamu aliweka ndama wa dhahabu pale, na baadaye nabii Hosea, zaidi ya mara moja, hakupaita kwa jina lake. Akapaita Beth-aveni, nyumba ya uovu. Akori nalo likaenda kinyume: bonde la taabu, alikopigwa mawe Akani kwa kuiba nyara za Yeriko, nabii huyohuyo akaliahidi kuwa mlango wa matumaini. Jina zuri liliharibika, baya likatengenezwa. Hapa ndipo nawaambia wanafunzi wangu kila mara: someni sura nzima. Najua nimeshasema.

Jihadharini pia pale Biblia yenyewe isipotoa maana. Lakini ukiona "kwa hiyo jina lake likaitwa", simulizi limekupa ufunguo. Na hata hapo sikiliza nani anasema: Mwanzo 11 inaunganisha Babeli na kuchafuliwa kwa lugha, wakati wenyeji wa mji walilielewa jina lao kama lango la mungu. Mwandishi anawacheka.

Anayenifurahisha kuliko wote ni nabii Mika. Sura ya 1 ukiisoma kwa Kiswahili unaona orodha ya vijiji tu, lakini kwa Kiebrania ni maombolezo yanayochezea majina. Ni kama mtu asimame Bagamoyo apige kelele, "Bwageni mioyo!" Beth-leafra ina mavumbi ndani ya jina, basi wagaagae mavumbini. Akzibu inasikika kama udanganyifu, basi itawadanganya wafalme. Lakishi inakaribiana na neno la farasi wa mbio: fungeni gari! Na si utani wa mbali. Moreshethi-gathi, kijiji chake mwenyewe, kimo kwenye orodha. Mwaka 701 KK Senakeribu, mfalme wa Ashuru, aliiteka Lakishi kweli, akachonga picha za vita hivyo kwenye kuta za jumba lake Ninawi. Mawe hayo sasa yako London, na watu wa Lakishi wanaonekana wakitoka mjini na mizigo yao, wanapelekwa uhamishoni.