Mwalimu mpya wa michezo, soma hili kabla ya mchujo wa soka wa UMISSETA (michezo ya shule za sekondari) Dodoma

Kila mwaka mambo ni yale yale. Mwalimu mgeni anakabidhiwa timu ya wilaya, iwe Bahi, Chemba au Kongwa, na anarudia makosa ya aliyemtangulia. Vipaji mkoa huu unavyo, jamani. Tunavipoteza wenyewe kwenye mchujo.

1. Uwanja unakudanganya. Ikifika Mei mvua zimekwisha na udongo umekauka kama zege. Dondosha mpira kutoka mita 2: kwenye majani mazuri haupandi zaidi ya mita 1, hapa unapita. Sasa beki anabutua, mpira unadunda mara moja, unampita beki mwenzake kichwani, na mwenye mbio anabaki na golikipa tu. Magoli matatu, uwanja unalipuka, mwalimu anaandika jina. Kiungo fundi akijaribu kutuliza, mpira unamruka mguuni mara mbili tatu, anaonekana mzembe, anaachwa. Timu ya mkoa inafika mashindano ya taifa, inakuta majani. Mpira mrefu ule ule unafia njiani, mabeki wa mikoa mingine wanauokota bila jasho, na katikati hatuna hata mmoja wa kupokea akageuka. Lawama zinamwangukia mshambuliaji, wakati kosa lilifanyika Mei, kwenye karatasi ya majina.

Kwa hiyo usipime kwa mechi kubwa peke yake. Chora boksi la mita 20 kwa 20, wanne kwa wanne, kugusa mara mbili, dakika 5, kisha changanya timu upya. Punguza upepo wa mpira: sheria inaruhusu angahewa 0.6 hadi 1.1, wewe kaa karibu na 0.6. Halafu usiutazame mpira, mtazame mtoto kabla haujamfikia. Amegeuza shingo kuangalia nyuma yake? Huyo mchukue, hata kama kapoteza mipira miwili.

2. Usibebe shule bingwa nzima. Mara nyingi ina mshambuliaji mmoja hatari na wenzake kumi wanaomtafuta yeye. Beki wa kushoto anayepiga kwa kushoto unaweza kumkuta kwenye shule iliyotolewa raundi ya kwanza, na ukiondoka mapema hutamwona. Magolikipa chukua wawili.

3. Kidato cha sita wanafanya mtihani wao Mei, usijenge timu juu yao. Wekeza kwa kidato cha pili na cha tatu, mwakani utawapata tena.

4. Vijeba (waliozidi umri) na mamluki (wasio wanafunzi wa shule husika): jina na tarehe kwenye cheti cha kuzaliwa vilingane na rejesta ya shule, herufi kwa herufi. Visipolingana, mwache, hata awe fundi kiasi gani.

5. Kambini, tafadhali, msiwakimbize watoto asubuhi na jioni juu ya udongo ule. Ugoko unaanza kuuma siku ya tatu au ya nne, mtoto anaficha asije akaachwa, na taifa mechi zinafuatana karibu kila siku. Mazoezi mazito yawe jioni tu. Asubuhi fanyeni kona, frii-kiki na kunyoosha viungo. Njumu ziwe za meno mafupi mengi ya mpira, kwa sababu meno marefu hayaingii ardhini na kifundo kinapinda. Juni kuna baridi na upepo, pasheni mwili dakika 15 kamili. Na maji wapewe kila baada ya dakika 20 bila kusubiri waombe: hewa yetu ni kavu, jasho linakauka kabla mtoto hajajua kwamba ametoka jasho.