Tongoni Inahitaji Waelezaji Kabla ya Matangazo

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la juma hili limeuliza nini kifanyike ili maeneo ya kihistoria yaliyosahaulika nchini yavutie watalii na kuwanufaisha wanaoishi jirani nayo. Jibu langu, nikiwa mkazi wa Tanga, ni kwamba tuanze na waelezaji ndipo tufikirie matangazo, kwa sababu mgeni asiyepata wa kumweleza alichokiona huondoka na picha chache, wala hana la kumsimulia mwenzake.

Chukueni mfano wa Tongoni, kusini mwa mji wetu, kwenye njia iendayo Pangani. Hapo pana magofu ya msikiti wa kale uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kandokando yake yako makaburi zaidi ya 40, mengi yakiwa ya nguzo, yaani yaliyosimamishiwa nguzo ya mawe. Ni miongoni mwa makundi makubwa kabisa ya makaburi ya aina hiyo katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Nguzo nyingi zimekwisha kuanguka. Vile vishimo vya mviringo vilivyo kwenye nguzo na makaburi hayo ndimo mlimopachikwa vyombo vya kauri vilivyovuka bahari, na mtu asiyejua huvitazama akapita, ilhali aliyeelezwa hutambua kwamba wenyeji wa hapa walikuwa wafanyabiashara waliofikiwa na bidhaa za mbali tangu zama hizo. Tena ni katika pwani hii hii, iliyojulikana kwa jina la Mtangata, ambapo baharia Mreno Vasco da Gama aliichoma moto merikebu yake São Rafael mwaka 1499 akirejea kutoka India, kwani ugonjwa wa kiseyeye ulikuwa umewaua mabaharia wengi na waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Ni wanafunzi wangapi wa Tanga wanaofahamu kwamba jambo hilo lilitokea karibu na kwao?

Waelezaji hao wawe vijana wa Tongoni yenyewe, wafunzwe historia na lugha za kigeni, na sehemu ya kiingilio ibaki kijijini kwa kuwalipa na kwa kufyeka magugu. Wao pia ndio watakaomwambia mgeni, kwa upole, kwamba haya ni makaburi ya Waislamu na hayapandwi ili kupigiwa picha. Sidhani kama kibao peke yake kinaweza kuifanya kazi hiyo.

Hata hivyo, magofu peke yake hayamlazi mgeni. Anayeyatazama kwa saa moja hurudi mjini bila kununua hata chakula. Kwa hiyo Tongoni iunganishwe na Mapango ya Amboni upande wa kaskazini na mji wa Pangani upande wa kusini, wenye nyumba zake za kale na habari za Bushiri bin Salim, aliyeongoza upinzani wa watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, nao wakamnyonga huko mwezi Desemba 1889. Tiketi iwe moja kwa maeneo yote matatu, hata kama wasimamizi wake ni tofauti, na wanafunzi wa mkoa wetu wapewe nafasi ya kwanza kwa bei nafuu, maana wao hawategemei msimu wa watalii.

Wasimamizi wa magofu na Halmashauri ya Jiji wakikubaliana kwanza juu ya mgawo wa kiingilio, mafunzo ya vijana yanaweza kuanza mara moja.

Msomaji wenu, Tanga