Nimeanza Python mara tatu, nimeacha mara tatu

*Shikamoo kaka. Nipo mwaka wa pili hapa Chuo Kikuu cha Dodoma. Nilianza Python, lugha ya kuandikia programu, nikahamia kutengeneza tovuti, sasa nasoma usalama wa mtandao. Kila kimoja nakiacha njiani. Au sina kichwa cha tehama?*

Marahaba. Kichwa unacho, ila hujamaliza kitu hata kimoja. Ukionja mlenda kabla haujaiva huwezi kusema huupendi, na wewe umeonja vyungu vitatu, vyote vibichi. Wiki za mwanzo zinafanana popote uendako: unanakili mfano wa mwalimu wa YouTube, mfano unafanya kazi, unafurahi. Kazi yenyewe inaanza pale mfano unapoisha, na wewe ndipo unapofunga laptopu.

Mimi nilianza na nyaya. Nilipanda dari za ofisi nikivuta mtandao, narudi nyumbani nimejaa vumbi kama nimetoka kusaga, nikajiita mtu wa mitandao kwa sababu tu nilijua kufunga vichwa vya nyaya. Nilipoanza kupigiwa simu saa nane usiku kwamba "intaneti imekata", nikahama. Nikatengeneza tovuti ya nyumba ya wageni. Mwenye nyumba alitaka zambarau, mimi nikataka kijani, tukabishana wiki mbili nzima. Nikagundua kwamba rangi zinanichosha kuliko dari. Kisha mfanyabiashara mmoja wa alizeti akaniomba nimsafishie orodha ya wakulima wake. Juma Hamisi yupo mara tatu, Hamisi Juma mara mbili, namba za simu zina tarakimu kumi na moja. Nilikaa nayo mpaka chipsi zangu zikaganda mezani. Kazi hiyo wengine wanaiona adhabu. Mimi mpaka leo ndiyo inayonilisha.

Kwa hiyo acha kujiuliza unapenda nini, jiulize unavumilia karaha ipi. Mwandishi wa programu atatafuta kosa moja siku nzima, mwisho akute ni mabano aliyosahau kufunga. Mtu wa usalama anasoma kumbukumbu za mfumo na kuandika ripoti kuliko anavyodukua. Mpimaji wa programu anabonyeza kitufe kilekile mara arobaini. Huwezi kuijua karaha yako mpaka umalize kitu, hata kidogo: likizo hii mtengenezee mama yako, au mwenye duka wa mtaani, daftari la madeni linalofanya kazi kwenye simu. Alitumie mwezi mzima. Malalamiko yake yatakufundisha kuliko kozi ya nne.

Na hilo la usalama wa mtandao: jifunzie kwenye kompyuta zako mwenyewe. Chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa, hata kama ulikuwa "unajaribu tu".

*Mimi ni fundi simu hapa Majengo, mwaka wa tisa sasa. Nina miaka 34, na hesabu nilipata F kidato cha nne. Nimechelewa?*

Hujachelewa, fundi. Simu ikija imezima, unaanza na chaja, unapima betri, unaenda kwenye saketi, hubahatishi. Kuligawa tatizo mpaka likose pa kujificha ndiyo kazi ya mtu wa mitandao na wa msaada kwa watumiaji, na wapo wenye shahada wasioiweza. Hesabu nzito utakutana nazo ukienda kwenye akili bandia. Kwingine kwingi ni kujumlisha, kugawanya na kufikiri kwa mpangilio.

Weka Linux (mfumo wa kuendeshea kompyuta kama Windows, ila wa bure tangu ulipotoka mwaka 1991) kwenye kompyuta ya mtumba, uiharibu na kuirudisha mpaka uizoee. Kibanda usikifunge. Jaribio linalokulaza njaa halikupi jibu la kweli, utaacha kwa njaa ukidhani umeshindwa somo.

*Ni mhasibu, ofisi yetu ipo Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Vijana wananicheka kwamba naishi kwenye Excel. Nijifunze Python?*

Waache wacheke, dada. Jifunze SQL kwanza: ina mizizi ya miaka ya 1970 na bado ndiyo lugha ya kuulizia hifadhidata, yaani kumbukumbu zilizopangwa ndani ya kompyuta. Halafu kuna nafasi ambayo hao vijana hawaioni. Wizara zimehamia Dodoma na mifumo yake, na kila mfumo unahitaji mtu anayeelewa hati ya malipo inavyotembea mezani, akamweleza mwandishi wa programu. Nimeona mfumo mzuri kabisa ukisusiwa kwa sababu waliouandika hawakujua nani anasaini kwanza.

*Kijana wangu ameacha kazi mbili za kompyuta ndani ya mwaka mmoja. Ada nimelipa kwa kuuza ng'ombe. Nimkanye? Mzazi, Manyoni.*

Shikamoo mzee. Kabla ya kumkanya, muulize aliacha nini: kazi, bosi, au mshahara? Kuna mahali niliwahi kukaa miezi mitatu bila kulipwa, nikatoka nikiapa kwamba uandishi wa programu si wangu. Kumbe nilichokimbia ni njaa. Kama kijana anasema "niliichoka kazi yenyewe" na anaweza kukueleza ni sehemu gani ilimchosha, ng'ombe wako hawakupotea. Akinyamaza tu akiangalia chini, hapo mkanye.

*Ninunue laptopu gani kuanzia? Msomaji, Kondoa.*

Ya mtumba, yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8 na diski ya SSD, ile yenye kasi. Kabla hujatoa hela ichomoe kwenye umeme, uitumie nusu saa mbele ya muuzaji. Akianza kukuharakisha, mrudishie.