Mafuta ya klachi yanapungua, lakini chini ya gari pakavu

SWALI: Fundi, shikamoo. Gari langu ni la gia za mkono na klachi yake ni ya mafuta, siyo ya waya. Siku hizi kikopo cha mafuta ya klachi kinashuka. Naongeza, baada ya siku chache kimeshuka tena. Asubuhi pedali inazama mpaka karibu na sakafu na rivasi inakwaruza, lakini nikiipiga pedali mara tatu nne gia zinaingia bila shida. Kinachonishangaza ni kwamba nikichungulia chini ya gari sioni hata tone. Nimeshauriwa ninunue silinda zote mbili, ya juu na ya chini, nizibadilishe kwa pamoja. Je, ni lazima? Na kazi hii naweza kuifanya mwenyewe nyumbani?

JIBU: Marahaba. Kazi unaiweza, ila usinunue chochote kabla hujaona kwa macho yako mahali panapovuja. Dalili ulizoeleza zinathibitisha kwamba mafuta yanatoka na hewa inaingia. Hazisemi yanatokea wapi.

Mfumo wenyewe ni mfupi. Ukikanyaga pedali, rodi inasukuma pistoni ya silinda ya juu, yaani masta silinda. Mafuta yanapita kwenye bomba la chuma na mpira, yanafika silinda ya chini iliyo kwenye giaboksi, na pistoni ya huko inasukuma foku ya klachi, yaani mkono unaoiachanisha klachi. Mafuta hayo hayaliwi na kitu chochote. Tena klachi pleti inavyozidi kulika, pistoni ya chini hurudi nyuma kidogo kidogo na kurudisha mafuta juu, kwa hiyo kikopo cha klachi peke yake kikishuka, hata kama ni polepole, kuna mahali panavuja. Kwenye breki ni kinyume: pedi zikilika kiwango hushuka bila kuvuja popote. Nawaambia hili hasa wale ambao magari yao yana kikopo kimoja cha breki na klachi. Kwenye magari ya namna hiyo tundu la kwenda klachi kwa kawaida huwekwa juu kuliko ya breki, ili klachi ikivuja breki zibakiwe na mafuta. Hata hivyo, kikopo cha pamoja kikishuka gari lisitembee mpaka breki zote zikaguliwe. Ukibaki na klachi mbovu utakwama njiani, lakini breki ni suala la uhai.

Sasa, kwa nini chini pakavu? Sababu ni mbili. Ya kwanza, magari mengi yana kinga ya plastiki chini ya injini, nayo hukinga matone na kuyaficha. Ifungue kabla hujasema hakuna tone. Ya pili ndiyo ninayoishuku zaidi kwako: masta silinda ikifa raba ya nyuma huvujia ndani ya gari, siyo nje. Mafuta hufuata rodi, huteremka kwenye mkono wa pedali na kunywewa na zulia.

Kwa hiyo anza ndani. Chukua tochi, lala chali upande wa dereva na utafute mahali rodi ya pedali ya klachi inapoingia kwenye ukuta unaotenganisha injini na chumba cha abiria. Vuta kidogo kofia ya raba inayoifunika rodi, pitisha kidole, kisha funua zulia na uguse sponji iliyo chini yake. Ukikuta uteute unaoteleza, au rangi ya chuma imebabuka na kujikunja, umempata mwizi. Mafuta ya klachi kwa kawaida ni yale yale ya breki, nayo hula rangi, hivyo rangi iliyobabuka hubaki kuwa ushahidi hata pale palipokauka.

Pakiwa pakavu, toka nje ufuate njia ya mafuta kutoka kikopo kushuka chini. Angalia mpira unaotoka kwenye kikopo na klipu zake, nati ya bomba pale linapotoka kwenye masta, bomba lenyewe kama limeota kutu, kisha mpira unaonyumbulika karibu na giaboksi, hasa kwenye ncha zake za chuma. Mwishoni kuna silinda ya chini. Kama ni ya nje, imefungwa ubavuni mwa giaboksi kwa bolti mbili. Inua ukingo wa kofia yake ya raba. Unyevu kidogo kwenye silinda ya zamani siyo jambo la kukukosesha usingizi, lakini mafuta yakimwagika ulipoinua, raba ya pistoni imekwisha.

Kosa linalofanyika sana hapa ni kumlaumu yule aliyelowa zaidi. Mafuta huteremka, na gari likitembea upepo huyarusha nyuma, kwa hiyo silinda ya chini inaweza kulowa chapachapa na kosa likawa la nati iliyo juu yake. Osha eneo lote, likaushe, mwambie mtu akanyage na kuachia pedali polepole huku wewe ukimulika. Mahali pa juu kabisa panapoanza kulowa ndipo panapovuja. Kama huoni kitu hata kwa kukanyaga, zungushia karatasi nyeupe za kujifutia kwenye kila maungio, uziache usiku kucha, halafu uzikague asubuhi.

Hakikisha pia unachokiona ni mafuta ya breki. Dondosha tone kwenye glasi ya maji safi. Oili ya injini na ya giaboksi huelea juu, mafuta ya breki huchanganyika na maji na kupotea. Maji ya rejeta nayo huchanganyika, lakini huwa na rangi iliyokolea, na kikopo chake kitakuwa kimeshuka. Kipimo hiki kina faida kubwa hasa unapoona matone pale giaboksi inapoungana na injini, kwa sababu hapo wanaweza kuvuja watatu tofauti: sili ya nyuma ya injini, sili ya shafti ya giaboksi, au silinda ya klachi iliyo ndani.

Kuhusu hiyo ya ndani: baadhi ya magari hayana silinda ya chini ya nje. Silinda yao ni ya duara, imeizunguka shafti ya giaboksi ndani ya nyumba ya klachi, na mara nyingi imeunganishwa na beringi. Kama bomba la klachi linaingia ndani ya giaboksi na huoni silinda wala foku, gari lako ni la aina hiyo. Ikivuja, giaboksi lazima ishuke, na hapo nakushauri umwachie fundi mwenye vifaa. Giaboksi ikishashuka, klachi pleti ikaguliwe. Iliyolowa mafuta haioshwi ikapona, inabadilishwa.

Nirudi kwenye ushauri uliopewa wa kununua silinda zote mbili. Hauna ubaya kama zote ni za zamani na umri wao ni mmoja, kwa sababu masta mpya husukuma mafuta kwa nguvu kamili na raba ya chini iliyochoka inaweza kusalimu amri baadaye kidogo. Lakini kama tatizo ni nati au mpira, utakuwa umebadilisha silinda mbili nzima na kuliacha tatizo lilipokuwa. Mimi hubadilisha iliyovuja, na ya pili naifunua kofia. Ikiwa kavu naiacha.

Kuna hali moja inayowachanganya wengi: kiwango hakishuki, hakuna uteute popote, lakini ukikanyaga pedali na kuishikilia inazama taratibu na klachi inaanza kushika yenyewe. Hapo masta inavuja kwa ndani. Mafuta yanapita pembeni ya raba na kurudi kwenye kikopo.

Tuseme umekuta ni silinda ya chini ya nje. Egesha gari pahali tambarare, weka kabari kwenye magurudumu, na ukiliinua liegemeze kwenye stendi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Vaa glavu na miwani. Funika bodi kwa kitambaa na uwe na maji karibu. Tone likidondokea rangi, lioshe kwa maji mengi papo hapo, usilifute kwa kitambaa kikavu.

Nati ya bomba ndiyo inayotesa watu. Ni laini na huwa imeganda, ukitumia spana ya kawaida kona zake huviringika na bomba zima linakuwa halina kazi. Tumia spana ya mabomba, ile inayoshika karibu nati yote, na inyunyizie mafuta ya kulegeza kutu mapema. Ilegeze kidogo wakati silinda bado imefungwa kwa bolti, kisha ndipo ufungue bolti. Tangu hapo pedali isiguswe, maana pistoni itaruka nje.

Ununue silinda mpya au kiti ya raba tu, yaani seti ya raba za kubadilisha? Toa pistoni, pangusa ukuta wa ndani wa silinda na uupitishie kucha. Ukiwa laini kabisa, kiti inatosha. Kucha ikikwama kwenye shimo au mchubuko, nunua silinda, kwani raba mpya kwenye ukuta wenye vishimo huchanika upesi. Petroli, dizeli na grisi ya kawaida visikaribie raba hizi, huzifanya zivimbe. Safisha kwa spiriti au kwa mafuta mapya ya breki, na uzilainishe kwa mafuta hayo hayo wakati wa kuzivika. Mdomo mpana wa raba uelekee upande wa mafuta yenye shinikizo. Ukiigeuza, pedali haitapanda hata ufanye nini.

Unaporudisha, anza kuingiza nati ya bomba kwa vidole silinda ikiwa bado imelegea. Ikikataa kwa vidole usiilazimishe kwa spana, irudishe na uilenge upya. Kama muungano wako ni wa bolti yenye tundu, washa zake (pete bapa) za shaba ziwe mpya.

Masta silinda inafanana kikazi, ila mateso yake ni ya nafasi: pini ya pedali iko gizani na nati zake mara nyingi zinafunguliwa kutoka chini ya dashibodi. Kabla hujaifungua, nyonya mafuta yote ya kikopo kwa sindano kubwa isiyo na ncha.

Mafuta mapya yafuate maandishi ya kifuniko. Magari mengi hutumia DOT 3 au DOT 4, ambazo ni daraja za mafuta ya breki. Zote zina msingi wa glaikoli, na mahali pa DOT 3 unaweza kuweka DOT 4. DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye nazo, na usiikosee kwa DOT 5.1 ambayo ni ya glaikoli. Kifuniko kikisema mafuta ya madini, weka hayo tu. Chupa iliyokaa wazi muda mrefu usiitumie, kwa kuwa mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani. DOT 4 mpya huchemka kuanzia 230°C, lakini iliyonyonya maji inaruhusiwa kushuka hadi 155°C.

Kutoa upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye mafuta, ndipo kazi inapofaulu au kuharibika. Jaza kikopo. Vika mpira wa uwazi kwenye nipeli ya silinda ya chini, ile skrubu ndogo yenye tundu ya kutolea upepo, ncha ya pili izame kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Msaidizi akanyage pedali polepole hadi chini na kuishikilia. Wewe fungua nipeli robo mzunguko, mafuta yatoke, funga, ndipo aachie. Pedali haitarudi yenyewe mwanzoni, ainyanyue kwa mkono. Rudieni hadi mapovu yaishe, mkiangalia kikopo kila baada ya mara chache, kwa sababu kikikauka hewa inaingia tena na mnaanza upya. Msipige pedali haraka haraka, hilo huvunja povu kubwa kuwa vipovu vidogo visivyotoka.

Pedali ikibaki laini pamoja na juhudi zote, angalia kama nipeli iko juu ya silinda. Hewa hupanda, na nipeli ikielekea chini hewa hubaki ndani. Silinda nyingi za nje unaweza kuzifungua bolti, ukazishika nipeli ikitazama juu na pistoni ikiwa imesukumwa ndani na kuzuiwa isitoke, ukatolea upepo hapo. Njia nyingine ni kusukuma mafuta mapya kutoka chini kwenda juu kwa sindano kubwa kupitia nipeli. Kwa masta mpya iliyokauka, hii mara nyingi humaliza ubishi.

Kagua mwishoni uchezaji wa pedali. Rodi lazima iwe na nafasi ndogo, inayoonekana kwenye pedali kama milimita chache, kabla haijaanza kusukuma pistoni. Ikibana, tundu la kurudishia mafuta hubaki limezibwa, shinikizo linabaki kwenye bomba, na klachi inaanza kuteleza na kuungua ingawa hakuna kinachovuja.

Kanyaga pedali kwa nguvu kama mara ishirini, pangusa kila ulipogusa, weka alama ya kiwango kwenye kikopo na uikague kila asubuhi kwa wiki moja. Mafuta ya zamani usiyarudishe kwenye kikopo wala kuyamwaga kwenye mtaro. Yatie kwenye chupa yenye kifuniko, uandike jina lake, na uyapeleke panapopokea oili chafu. Zulia lililolowa lioshe kwa maji na sabuni, lakini litoe kwanza nje ya gari, ili siku ukiona uteute tena chini ya pedali ujue ni mpya.