Kabla hujafuta namba kubwa: kwa mnaoanza utafiti wa mishipa ya damu

Jana jioni nilisimama nyuma ya mmoja wenu akisafisha data za kliniki ya kisukari. Safu nne zilikuwa na ABI, yaani presha ya kifundo cha mguu ukiigawanya kwa ya mkono, zaidi ya 1.40. Akazichagua zote, akafuta. "Mashine ilikosea, dokta," akaniambia, mkoba tayari begani, anawahi daladala. Sikulala vizuri. Wadogo zangu, nawapenda, lakini leo nitawasema.

1. Mgonjwa alale chali dakika tano hadi kumi kabla hujamfunga mkanda wa kupimia presha. Mtu aliyetoka kupanda ngazi zetu hajapumzika, na lifti mnaijua ilivyo.

2. Pima mikono yote miwili, uchukue presha iliyo juu. Mguuni, sikiliza kwa dopla, kile kifaa cha kusikilizia damu ikipita, ateri zote mbili, ya juu ya unyayo na ya nyuma ya kifundo. Kisha andika palepale, kwenye karatasi. Kuna binti hodari sana alikuwa akiandika kiganjani. Akanawa mikono kama tulivyomfundisha, na kazi ya asubuhi nzima ikaenda na maji. Nilimpa daftari langu, bado analo.

3. Namba kubwa si namba nzuri. Hapa nina deni.

Nikiwa mwaka wa pili wa uzamili niliipa programu ya takwimu amri moja: 0.90 kushuka chini ni mgonjwa, wengine wote wazima. Sikuweka kikomo cha juu. Nilishasoma kwamba kawaida huishia 1.40, nilisoma nikapita, maana tarehe ya kuwasilisha tasnifu ilikuwa imekaribia.

Akaja mzee mmoja, fundi cherehani. Mkono 140. Kifundoni nilipandisha mkanda, nikapandisha, na dopla bado inavuma. Ilinyamaza kwenye 230. Nikagawanya: 1.64. Nikamwambia, "Mzee, miguu yako ina damu nyingi kuliko yangu." Akacheka, akanishukuru, akaenda zake. Niliziona kucha zake nene, nikaiona ngozi ya muundi inang'aa, haina kinyweleo hata kimoja. Sikuandika, kwa sababu fomu haikuwa na mahali pa kuandika.

Baada ya miezi minne nikamkuta wodini. Kidole gumba kilikuwa cheusi, na weusi ulishapanda unyayoni. Mguu ulikatwa chini ya goti. Siku ya tatu nilimwamkia, akanitambua. "Mwanangu, si ulisema nina damu nyingi?" Hakuwa na hasira. Alitaka kuelewa.

Nikakaa kitandani pake nikamweleza. Kisukari cha miaka mingi hujaza kalisi (kalsiamu) kwenye tabaka la kati la ukuta wa ateri, mshipa ukakakamaa. Mpira wa kumwagilia bustani utaubana kwa mkono. Bomba la chuma hulibani. Ile 230 ilikuwa ugumu wa ukuta, si wingi wa damu, na ndani njia ilikuwa imeziba. Ganzi ya kisukari nayo ilikuwa imemwondolea maumivu ya kutembea, kwa hiyo hata dodoso langu lilimpitisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama ataweza kukanyaga cherehani kwa mguu mmoja.

Usiku ule nilifungua data. Walikuwepo wengine kumi na mmoja juu ya 1.40, wote nimewaandika wazima. Niliwapigia mmoja mmoja. Wawili sikuwapata kamwe, na majina yao ninayakumbuka kuliko jina la tasnifu yangu.

4. Ikizidi 1.40, pima presha ya kidole gumba cha mguu, maana ateri za vidole mara nyingi huponea ugumu huo. Uwiano wake na mkono ukiwa chini ya 0.70, kuna tatizo. Kwenye jedwali wapewe kundi lao.

5. Kila fomu iwe na nafasi ya "nilichokiona".

Sasa wewe wa jana. Nakala ya data kabla hujafuta ninayo, na namba za simu ziko kwenye daftari la kijani, droo ya juu. Anza na yule mama wa 1.58. Fomu yake inasema ana kidonda kisigino cha kushoto, tangu wiki mbili.