Mtoto analia akipewa penseli: niliyoyaona kwa mwanangu na katika darasa la awali, Ujiji

Dada uliyeuliza kutoka Tabora, umesema kwamba mwanao ana miaka minne na nusu, kwamba mwalimu analalamika kuwa hawezi kushika penseli, na kwamba kila daftari likifunguliwa hulia na kusema, "Mama, andika wewe." Unataka kujua kama umtafutie mwalimu wa twisheni. Nimefundisha darasa la awali hapa Ujiji kwa miaka 11, na kabla ya kuwasaidia watoto wa wenzangu nilikosea kwa wa kwangu, kwa hiyo uniwie radhi nikieleza kwa kirefu.

Twisheni isubiri. Mkono wa mtoto wa umri huo bado unajengwa: mifupa minane midogo ya kifundo cha mkono huwa gegedu tupu anapozaliwa, nayo hukomaa mmoja baada ya mwingine kwa miaka mingi, kiasi kwamba hata anapoingia darasa la kwanza kazi hiyo haijakamilika. Tena watoto wengi huweza kuiga duara wakiwa na miaka 3, msalaba wakiwa na miaka 4, mraba wanapokaribia miaka 5, na pembetatu baada ya hapo, kwa sababu mstari wa mshazari ndio mgumu kuliko yote. Sisi tunamdai mtoto ambaye pembetatu bado inamshinda aandike "k" ndani ya mistari miwili ya daftari, kisha tunamwita mzembe.

Mwanangu wa mwisho nilimfunga vifungo vya shati, nikamvalisha viatu na kumkatia tonge mpaka alipotimiza miaka mitano, si kwa mapenzi tu bali kwa sababu asubuhi nilikuwa nikikimbizana na saa. Aliyemsaidia ni bibi yake, ambaye huuza dagaa mwaloni Kibirizi. Alimketisha mkekani, akammwagia dagaa wakavu kwenye ungo na kumwambia atoe vijiwe na majani. Kila kijiwe kilimlazimu kukutanisha ncha ya kidole gumba na ya kidole cha shahada, huku mkono wa pili ukituliza ungo, na hiyo ndiyo kazi ambayo penseli huidai: mkono mmoja ushike, mwingine utende. Alipomaliza alitembea nyumba nzima akitangaza kwamba dagaa wa jioni amewachambua yeye. Baadaye niligundua kwamba bibi huyo alikuwa akiwachambua upya usiku, mtoto akiwa amelala. Mimi ningefanya hivyo mbele yake, tena kwa kuguna.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kilio cha daftari kilitokana na vidole kwa sehemu ndogo tu. Mtoto ambaye kila anachokigusa hunyang'anywa na kumaliziwa hujifunza kwamba mikono yake haitoshi. Nilibadili namna ya kumvalisha: nilifunga vifungo vyote isipokuwa cha mwisho, na hicho nilikipitisha nusu kwenye tundu, nikamwachia akivute kitokeze. Alipokizoea nilimwachia kizima, kisha viwili, kisha shati lote, na kila siku yeye ndiye aliyehitimisha kazi. Ilinigharimu kuamka dakika kumi mapema, na nakiri kwamba kumtazama bila kunyoosha mkono kulinichosha kuliko kufua.

Darasani nafuata njia hiyohiyo. Wafinyange udongo, wakamue kitambaa cha kufutia ubao, wacheze mdako, wapukuchue mahindi. Chaki ndefu naivunja vipande vifupi, kwa kuwa kipande kifupi hakimwachii mtoto nafasi ya kukikamata kwa ngumi, naye hujikuta anakishika kwa vidole vitatu bila kuhubiriwa. Nawachoresha ukutani wakiwa wamesimama, maana bega na kifundo visipoimarika, vidole havina pa kuegemea. Na kama mwanao anatumia mkono wa kushoto, tafadhali muache. Niliwahi kumpokea mtoto aliyelazimishwa kwingineko kutumia mkono wa kulia, akakaa miezi kadhaa bila kutaka kushika chochote.

Huko kwenu karanga hazikosekani, na kubambua maganda yake ni zoezi zuri sana. Hata hivyo keti naye, na usimruhusu atafune karanga nzima akicheza, kwani humpalia mtoto mdogo kwa urahisi. Maharage nayo huingizwa puani. Mwanangu alitupeleka hospitali kwa harage moja.

Jambo moja tu lisisubiri. Ukiona mkono mmoja ni dhaifu waziwazi kuliko mwingine, au mikono inatetemeka, au amepoteza uwezo aliokuwa nao jana na juzi, mpeleke hospitali na uulizie huduma za utengamao, yaani za kumsaidia mtu kurejesha uwezo wa viungo. Kama hakuna kati ya hayo, nenda kwa mwalimu wake kwa upole, umwombe amruhusu mtoto atumie chaki sakafuni kwa muhula mmoja badala ya daftari, na nyumbani anza na kifungo cha mwisho cha shati lake la shule. Ukipata nafasi, rudi utueleze kimechukua siku ngapi. Kwa mwanangu zilikuwa tisa.